DAWA ISIYO NA MWENYEWE: HATARI YA KUNUNUA DAWA KWA SIMU



Katika mikutano ya matawi swali moja limekuwa likirudi tena na tena. Wanauliza wabanguaji wa korosho, wanauliza wakwezi wa minazi, wanauliza vijana wa bandarini: "Je, katibu, ni kosa kununua dawa kwa simu? Zahanati haina dawa, famasia iko mbali, na kwenye simu dawa zipo, tena kwa bei nafuu."

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Mimi si daktari. Nilisoma shule ya msingi tu, na maisha yangu yote nimebeba magunia kabla ya kupewa kazi ya chama. Lakini jambo hili nimelijua kwa mwili wangu mwenyewe, kisha nikawauliza wauguzi na kusoma. Nitaeleza nilichojifunza, nanyi mtapima wenyewe.

YALIYONIPATA MIMI

Miaka michache iliyopita mgongo wangu ulikuwa ukiniuma sana, kama unavyowauma wengi waliobeba magunia tangu ujana. Muuguzi alikuwa amenipa karatasi ya dawa, lakini dawa yenyewe haikuwapo dirishani. Kijana mmoja akaniingiza katika kikundi cha WhatsApp. Humo niliona picha ya mtu aliyevaa koti jeupe, na chini yake maneno: "Dawa ya mgongo, viungo, presha na nguvu za kiume. Haina madhara. Lipa leo upate punguzo."

Nililipa metikali 1,500 kwa M-Pesa. Baada ya siku nne mzigo ukaja na shapa kutoka Pemba. Haukuwa na boksi wala karatasi ya maelezo. Vilikuwa vidonge vyeupe ndani ya mfuko wa plastiki, vimefungwa fundo kama karanga za sokoni.

Nasema kweli, wiki ya kwanza maumivu yalikwisha kabisa. Nikamsifu muuzaji na nikawaambia wenzangu watatu namba yake. Wiki ya tatu uso ulinivimba ukawa wa duara, tumbo likawaka moto, na choo kikawa cheusi kama lami. Siku moja nikaanguka kazini.

Nilipofikishwa hospitali, muuguzi aliniuliza neno moja tu: "Umekunywa nini?" Sikuweza kumjibu. Vidonge havikuwa na jina. Nilipiga ile namba, haikupatikana, na mpaka leo haijapatikana. Daktari alisema tumbo lilikuwa linavuja damu kwa ndani, na kwamba pengine vidonge vile vilichanganywa dawa kali za maumivu na dawa za aina ya kotizoni, ambazo huvimbisha uso. Ilibidi akisie, kwa sababu mimi niliyekunywa sikujua nilichokunywa.

Nilipona. Lakini wale wenzangu watatu niliowapa namba ilinibidi niwatembelee nyumba kwa nyumba kuwaambia waache. Aibu ile sijaisahau, na ndiyo inayonifanya niandike.

KWA NINI DAWA NYINGINE ZINATAKA KARATASI YA DAKTARI?

Wapo wanaofikiri kwamba karatasi ya daktari ni urasimu wa kumsumbua maskini. Sivyo. Dawa ni sumu iliyopimwa. Kipimo kikiwa sawa, kwa ugonjwa ulio sawa, kwa mtu aliye sawa, inaponya. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosewa, inadhuru.

Chukueni mfano wa diklofenaki, ambayo wengi wetu tunaimeza kwa mgongo. Ni dawa halali. Lakini kwa mtu mwenye presha inaweza kuipandisha zaidi, na kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu inaweza kumwangamiza. Chukueni tramadoli, ambayo wapakiaji wengine wanaimeza ili wasisikie uchovu. Ni dawa ya maumivu makali, nayo humfunga mtu kama bangi na pombe zinavyomfunga. Akizidisha, pumzi hukatika usingizini. Chukueni vidonge vya nguvu za kiume. Mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya nitrati akivimeza, presha yake huweza kushuka ghafla mpaka akafa.

Daktari anapoandika karatasi anauliza: una umri gani, una presha, una mimba, unatumia dawa gani nyingine? Muuzaji wa kwenye simu anauliza swali moja tu: utalipa kwa M-Pesa au kwa e-Mola?

HATARI NI ZA AINA NGAPI?

Watu husema "dawa bandia" kana kwamba ni kitu kimoja. Hatari ziko za aina tano, na kila moja ina ushahidi wake.

Ya kwanza: Dawa isiyo na dawa ndani. Mwaka 2012, katika bandari ya Luanda, nchi ya ndugu zetu wa Angola, lilikamatwa shehena kubwa kutoka China. Ndani ya maspika ya muziki zilifichwa pakiti zipatazo milioni 1.4 za dawa bandia ya malaria iliyoandikwa Coartem. Zilipopimwa hazikuwa na dawa ya malaria hata kidogo. Fikirieni mtoto mwenye homa kali anayepewa kidonge cha namna hiyo. Mama anaona ametoa dawa, anangoja nafuu, na siku mbili zinapita. Malaria ya mtoto haingoji siku mbili.

Ya pili: Dawa yenye kipimo pungufu. Hii ni ya hila zaidi, maana mgonjwa hupata nafuu kidogo. Vijidudu havifi vyote, na vile vinavyobaki huizoea dawa. Tayari Rwanda, Uganda na Tanzania vimeonekana vijidudu vya malaria vilivyoanza kustahimili artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya matibabu yetu. Dawa mbovu si sababu pekee ya jambo hilo, lakini kila kipimo pungufu kinavipa vijidudu mafunzo.

Ya tatu: Dawa nyingine kabisa ndani ya jina lisilo lake. Kati ya mwisho wa 2014 na mwaka 2015, katika Ituri, mashariki ya Kongo, watu wapatao 1,000 walifikishwa hospitali shingo zimepinda, ndimi zimetoka nje, na nyuso zimekakamaa. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Wengine kijijini huenda wangesema ni majini. Uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Wengi wao walikuwa watoto. Baadhi walikufa.

Ya nne: Sumu. Mwaka 2022 huko Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwezi Oktoba mwaka huo juu ya dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizotengenezwa India. Ndani yake ilikutwa diethilini glaikoli, kemikali inayotumika viwandani, hata katika mafuta ya breki. Ina utamu kama sharubati, kwa hiyo mtoto hawezi kuitema.

Ya tano: Dawa ya kweli iliyoharibika. Sisi wa pwani tunalijua jua letu. Insulini ya wagonjwa wa kisukari, kwa mfano, inatakiwa kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikisafiri siku tatu juu ya paa la shapa au ndani ya jahazi, inafika ikiwa na jina lake na boksi lake, lakini nguvu yake imekwisha. Kwa macho huwezi kujua.

Msidhani mambo haya ni ya nadra. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi kama zetu, dawa 1 kati ya 10 ni bandia au haifikii kiwango. Shirika hilohilo limepata kueleza kwamba dawa zinazonunuliwa katika intaneti kwa wauzaji wanaoficha anwani zao, zaidi ya nusu zimekutwa ni bandia. Tangu mwaka 2008 polisi wa kimataifa, Interpol, wamekuwa wakifanya misako iitwayo Pangea dhidi ya wauzaji hao, na kila msako hukamata shehena nyingine.

BASI TATIZO NI SIMU?

Hapana. Hapa lazima tufikiri sawasawa, tusije tukalaumu chombo badala ya mwenye kukitumia. Kwa simu tunatuma fedha nyumbani na kuitana mikutanoni. Na siyo kila anayeuza dawa kwa intaneti ni tapeli. Kenya, kwa mfano, liko duka la dawa la mtandaoni, MYDAWA, lililoanza mwaka 2017 kwa leseni ya bodi ya serikali inayosimamia dawa. Lina anwani na wafamasia wake, na likikosea linaweza kushtakiwa.

Wala siyo kwamba dawa mbovu haziingii hospitali. Mwaka 2012 ng'ambo ya mto Ruvuma, Tanzania, iligundulika dawa bandia ya kupunguza makali ya UKIMWI iliyokuwa imefika mpaka hospitali ya serikali. Lakini tazameni tofauti. Boksi lilikuwa na namba ya toleo. Kulikuwa na daftari lililoonyesha ilitoka ghala gani na ikapelekwa wapi. Kwa hiyo serikali iliweza kutoa amri ikusanywe, na watu wakahojiwa kwa majina yao. Dawa ile ilikuwa na njia ya kurudi.

Hiyo ndiyo nukta yangu kubwa, na naomba mwishike hata mkisahau mengine yote. Dawa salama ni ile ambayo ina mtu wa kujibu. Ina mlango unaoweza kuurudia, jina unaloweza kulitaja, na daftari linaloweza kufunguliwa. Dawa ya kwenye namba ya simu haina mwenyewe. Ikikudhuru, namba inazimwa, na kesho inafunguliwa nyingine yenye picha ileile ya koti jeupe.

Sisi wafanyakazi jambo hili halipaswi kuwa geni kwetu. Je, ungekubali kazi kwa mwajiri usiyemjua jina, asiye na ofisi, asiyeandika mkataba, anayekutaka utoe fedha kwanza? Tumewaona mawakala wa namna hiyo wakikusanya vijana wetu kwa ahadi za kazi Palma na kwingineko, kisha wakatoweka na fedha zao. Wakala wa kazi asiye na anwani tumeshajifunza kumkimbia. Wakala wa dawa asiye na anwani ni ndugu yake. Yule wa kwanza anakula mshahara wako tu, huyu anakula mshahara na maini yako. Wahenga wanaita huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

KWA NINI BASI TUNANUNUA?

Tusiwatukane wanaonunua. Nami nilinunua. Ziko sababu, na chama kisichotazama sababu kitabaki kupiga kelele.

Sababu ya kwanza ni vita. Tangu Oktoba 2017, siku Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, vituo vya afya vingi vya ukanda huu vilichomwa au kuporwa. Wauguzi walikimbia kama sisi tulivyokimbia. Wako wagonjwa wa presha, wa kifua kikuu na wa UKIMWI waliokatizwa dawa zao njiani.

Sababu ya pili ni muda na mshahara. Mfanyakazi wa kibarua akienda zahanati kupanga foleni tangu alfajiri, siku yake imekatwa. Akifika dirishani akaambiwa "dawa hakuna, rudi wiki ijayo", amekatwa mara mbili. Muuzaji wa simu anaijua hali hiyo vizuri kuliko waajiri wetu wengi.

Sababu ya tatu ni aibu. Mtu ana kisonono, ana virusi, au nguvu zimepungua. Hataki kuonekana kwenye foleni na jirani yake. Anaona simu inamfichia siri. Lakini tazameni kinyume chake: amempa mtu asiyemjua namba yake, jina lake na ugonjwa wake, vyote pamoja. Kesho mtu huyo akidai fedha ili asiutangaze ugonjwa huo, atamshtaki wapi? Mficha maradhi kilio humfichua. Muuguzi ana wajibu wa kutunza siri, na akiitoa unaweza kumshtakia mkubwa wake. Muuzaji wa simu hana mkubwa.

Wazee wetu hawakukubali kwamba dawa ni mali ya mwenye nazo. Julai 1975, mwezi mmoja baada ya uhuru, serikali ya Msumbiji ilitaifisha tiba ya kibinafsi. Katika miaka ile ikatolewa orodha ya dawa za taifa, na waandikaji wa dawa wakaagizwa waandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la kibiashara la kiwanda, ili nchi inunue dawa nzuri kwa bei ndogo. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini wazo lile lilikuwa sahihi: dawa ni haki, na haki haiwi ya kuokota kwenye simu.

TUFANYE NINI SISI WENYEWE?

1. Anza na mlango wa serikali. Dawa za malaria, kifua kikuu na UKIMWI hutolewa bure katika vituo vya serikali. Anayekuuzia dawa hizo kwa simu anakuuzia ama iliyoibwa, ama bandia. Kijijini waulizeni wahudumu wa afya, wale APE. Wanapima malaria na wana dawa yake.

2. Nunua famasia yenye leseni. Leseni hubandikwa ukutani. Una haki ya kuiomba uione. Mamlaka ya kudhibiti dawa ya nchi yetu, ANARME, iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2017, na dawa yenye mashaka huripotiwa huko kupitia famasia au kituo cha afya.

3. Jua jina la dawa yako, siyo rangi yake. Usiseme "ile nyekundu ndogo". Mwombe muuguzi akuandikie jina lenyewe. Kwa jina hilo unaweza kupata dawa ileile ya kiwanda kingine kwa bei ndogo, na hakuna wa kukudanganya kwa boksi zuri.

4. Soma boksi. Tafuta neno "Lote", ndiyo namba ya toleo. Tafuta neno "Validade", ndiyo tarehe ya mwisho. Tarehe ya kwenye boksi na ya kwenye vidonge ilingane. Maandishi yakiwa na makosa, au muhuri umefunguliwa, rudisha. Vidonge vya kwenye mfuko wa plastiki usivinunue hata kama ni vya bure.

5. Ikiwa huna budi kuagiza mbali, agiza kwa famasia unayoijua au ambayo ndugu yako anaweza kuingia kwa miguu yake. Anayestahili kuaminiwa atadai karatasi ya daktari kabla ya fedha. Asiyeidai, mkimbie. Anayesema dawa moja inatibu presha, sukari, mgongo na nguvu za kiume, mkimbie mbio zaidi.

6. Piga picha karatasi yako ya dawa na uihifadhi kwenye simu. Hapo simu inafanya kazi njema. Ukikimbia ghafla, au ukivuka Ruvuma kwenda kwa jamaa Mtwara, muuguzi wa huko atajua akupe nini.

7. Ukishakunywa na mwili ukabadilika, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Chukua vidonge vilivyobaki, mfuko wake, na ujumbe wa simu. Usivitupe kwa aibu. Hivyo ndivyo vitakavyomwambia daktari kile ambacho mimi sikuweza kusema. Lakini dawa uliyopewa hospitali, ya presha au ya UKIMWI, usiikatize mwenyewe kwa hofu. Uliza kwanza.

TUDAI NINI KWA PAMOJA?

Maonyo peke yake hayatoshi. Mtu asiye na dawa dirishani utamwonya mara tatu, mara ya nne atanunua. Kwa hiyo kila kamati ya chama katika kiwanda na shamba iweke mambo haya mezani mwa mwajiri: siku ya zahanati isikatwe mshahara pale mfanyakazi anapoleta karatasi ya kituo, sanduku la huduma ya kwanza liwe na vitu ndani, siyo kufuli tu, na gari la kampuni linalokwenda Pemba kila wiki liruhusiwe kumpeleka mwakilishi wa wafanyakazi akachukue dawa famasia kwa karatasi za wenzake. Jambo hili la mwisho haligharimu mwajiri chochote. Linataka tu tuwe na daftari na mtu mwaminifu.

Aidha, kila tawi lihesabu siku ambazo dirisha la dawa lilikuwa tupu, na dawa gani ilikosekana. Tuandike tarehe. Malalamiko yasiyo na tarehe hupepea kama moshi. Malalamiko yenye tarehe kumi na mbili yanaweza kupelekwa wilayani na kusomwa mbele ya mkuu wa afya.

Na wewe uliye na namba ya muuzaji katika simu yako, usiipeleke kwa mwenzako. Mimi niliipeleka kwa watatu. Nilifanya kwa wema, na kwa wema ule ningeweza kuzika watu watatu.

Ndugu zangu, mwili ndio chombo chetu cha kazi. Mwenye kiwanda akiharibikiwa na mashine huagiza kipuri, lakini figo haina kipuri dukani. Tusiikabidhi kwa mtu asiye na mlango.

Umoja ni nguvu. Mapambano yanaendelea!